Kupeleka Komunyo Rugari kwa Baiskeli

Dada yangu mkubwa alikuwa akifa upande wa Rugari, na alikuwa ameomba kitu kimoja tu. Binti yake alinipigia simu alfajiri, nikiwa nafunga kamba za viatu niende Misa. Alisema polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala karibu naye.

"Mujomba, mama hakule tangu siku tatu. Ni maji tu, kwa kijiko. Usiku ameuliza kama leo ni siku ya Mungu. Nikamwambia hapana. Akasema, basi mwambie ndugu yangu aniletee Yezu. Anasema hataenda bila Yeye."

"Bado anameza?"

"Asubuhi hii amemeza. Mangaribi sijui."

Dada huyu ndiye aliyenilea. Mama yetu alipofariki nilikuwa bado nabebwa mgongoni, na mgongo uliofuata ulikuwa wake. Mkono wangu wa kuume aliushika yeye, akaupeleka kwenye paji la uso, kifuani, begani na bega la pili, mpaka ukajua njia wenyewe. Mambo mengi niliyowafundisha watu katika miaka yangu ya ukatekista niliyasoma vitabuni. Hilo sikulisoma popote.

Baada ya Misa nilimfuata padri msaidizi sakristiani. Alitaka kwenda yeye mwenyewe, lakini alikuwa na mazishi Ndosho saa sita, na tena watu wa moto, yaani wa pikipiki, walikuwa wametuambia kwamba tangu jana yake moto na magari hayapiti zaidi ya Kibati. Wenye bunduki waliokuwa wakiishika barabara walikuwa wamekataza. Waliopita ni wenye miguu, wenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, na wenye baiskeli. Padri akaangalia magoti yangu. Nina miaka sabini na miwili na magoti yangu yanajulikana parokiani kote.

"Papa katekista, utaweza ile mulima?"

"Padri, mulima naujua. Ni magoti ndiyo imeusahau. Yataukumbuka."

Akacheka kidogo, akafungua tabernakulo. Mimi ni mhudumu wa Komunyo kwa wagonjwa tangu zamani, kwa hiyo hakuhitaji kunieleza. Aliweka Hostia moja katika kikopo cha chuma kisichozidi saa ya mkononi kwa upana, akakitia katika kifuko cha kitambaa cheupe chenye kamba, nami nikakivaa shingoni, ndani ya koti.

Hapa lazima nieleze desturi yetu, maana ndiyo iliyokaribia kuniponza. Katekista aliyenifundisha kazi hii alikuwa mtu mkali, na jambo la kwanza alilotutia kichwani ni kwamba anayebeba Mwili wa Bwana haongei njiani. Hasalimu na hapeani mkono, wala hasimami kuuliza bei ya viazi. Anakwenda moja kwa moja, anasali moyoni. Wakati ule watu wa milimani walijua; wakimwona katekista anapita kimya na mkono kifuani, walivua kofia na kupisha. Mimi nami niliwafundisha wengine hivyo hivyo kwa miaka arobaini. Sikuwahi kujiuliza kama wanaonitazama bado wanajua.

Baiskeli yangu ni ya mashindano, ya zamani, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo na vitesi, yaani gia, vinavyobadilika kwa kishikio kidogo chini. Niliachiwa na padri mzee aliyerudi kwao, na kwa baiskeli hiyo nimezunguka vijiji vyote vya pande hizi: Sake, milima ya Masisi, na, kuliko zote, njia hii ya kaskazini. Tairi zake ni nyembamba na hazipendi mawe ya volkano. Kwa hiyo ukitoka Murara na kupita Majengo, mitaa yetu ya Goma, unakanyaga polepole, unatafuta mstari laini ukingoni, na unawaachia chukudu katikati.

Mpaka Kanyaruchinya nilikwenda vizuri. Hapo barabara inaanza kuinuka kwa kweli. Nilirudisha mnyororo kwenye gia ndogo, nikainama, nikaanza kuhesabu punje za rozari kwa kila mzunguko wa pedali. Kushoto volkano ya Nyiragongo ilikuwa imejifunika wingu. Chukudu zilikuwa zikishuka kutoka Kibumba zimejaa makabeji na makaa, wenyewe wamesimama juu kwa mguu mmoja, mguu wa pili umekandamiza kile kipande cha mpira kinachobana gurudumu la nyuma. Watu hao wananijua.

"Muzee wa kinga! Jambo!"

Kinga kwetu ni baiskeli. Nikainamisha kichwa tu.

"Hasemi! Leo bibi yake amemukatalia chai."

"Hapana," akajibu wa nyuma yake, akipita kwa kishindo. "Iko mu mashindano. Muzee, kanyaga! Wenzako walifika jana!"

Nilicheka ndani ya meno. Siku nyingine ningewajibu, maana ulimi wangu nao si wa kulala. Nilikaza mkono kifuani mara moja, kuhakikisha kikopo kipo, nikaendelea.

Baada ya Kibati msitu unaikaribia barabara pande zote mbili. Miti inaota juu ya mawe meusi, mizizi imeyashika kama vidole, na hewa inabadilika. Unaisikia baridi kwanza masikioni. Ni mahali ninapopapenda kuliko pote katika njia ile. Lakini siku hiyo sikusikia ndege, na hakuna chukudu iliyokuja kutoka juu kwa muda mrefu. Mtu aliyezoea njia anajua maana yake. Kuna kitu kimewasimamisha watu mbele.

Nilipomaliza kona nikaiona kamba imetandwa kutoka mti mpaka mti. Upande wa pili walikuwa wamekalishwa watu wa chukudu na akina mama wenye mizigo, kama kumi na watano. Upande wangu walisimama wanaume watatu wenye bunduki. Siandiki walikuwa wa nani. Katika miaka hii barabara ile imeshikwa na wengi, na kamba ni ile ile.

"Muzee, simama. Shuka."

Nikashuka.

"Unatoka wapi?"

Sasa, ningesema "Goma" tu, pengine mambo yangeishia hapo. Lakini nilikuwa nimekanyaga mlima wote nikisali, na desturi ya miaka arobaini ilikuwa imenishika koo. Nikaonyesha kwa mkono, nyuma, bondeni.

"Unaenda wapi?"

Nikaonyesha mbele.

Mmoja wao, mwanaume mwenye kovu shavuni, alikuja karibu akaninyoshea mkono, kwa ukarimu kabisa. Nilitia mkono wangu kifuani nikainama, nisimpe. Uso wake ukabadilika pale pale. Akarudi nyuma hatua mbili, akainua bunduki.

"Shefu! Huyu iko na dawa!"

Ndipo nilipoelewa. Huku kwetu kuna wapiganaji wanaovaa dawa shingoni ili risasi zisiwapate, na dawa hizo zina miiko yake: mwenye kuivaa hagusani mkono na mtu, na saa nyingine hata kusema amekatazwa. Watoto wote wa huku wanajua. Na mimi nilikuwa mzee asiyesema, asiyetoa mkono, na mwenye kamba shingoni. Kila nilichokifanya kwa heshima ya Bwana wangu kilikuwa kimewaambia kwamba ninapeleka dawa kwa adui zao.

Shefu, mkubwa wao, alikuwa amekaa kando juu ya jiwe anakula mahindi ya kuchoma. Aliinuka bila haraka, akaja na lile hindi mkononi. Akafungua koti langu kwa ncha ya fimbo, akauona mfuko mweupe.

"Iko nini mu hii?"

Mwenye kovu akanyosha mkono auchukue.

"Usiguse!" nikasema.

Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Watu wote upande wa pili wa kamba wakageuka.

"Ah. Kumbe iko na mudomo," shefu akasema. "Sasa sema."

Nikasema. Nikamweleza kwamba mimi ni katekista, ninakwenda kwa dada yangu mgonjwa, na kwamba ndani ya kifuko mna Komunyo. Lakini maneno yanayokuja baada ya ukimya hayana uzito wa maneno yaliyotangulia. Hata mimi niliyasikia kama uongo.

"Katekista anasalimiaka watu," mwenye kovu akasema. "Ya kwetu ilikuwa inasalimia mupaka mbuzi."

"Fungula," akasema shefu.

Niliomba maji ninawe mikono. Mmoja akanimwagia kutoka kidumu chake. Nilipiga magoti juu ya mawe, nikakitoa kikopo, nikakifungua kwa vidole vyangu mwenyewe. Hostia ilikuwa mle, nyeupe, nzima. Shefu akainama kuangalia, na punje ya hindi ikamwanguka kwenye ndevu.

"Hii tu?"

"Hii tu."

"Kama si dawa, kula."

Nikakishika kikopo kwa mikono miwili.

"Kula, muzee. Si umesema ni chakula? Kula yote, tuone. Kisha utapita."

Nitasema ukweli kuhusu yaliyonipitia kichwani, kwa sababu mtu anadhani saa kama ile atafikiri mambo makubwa. Nilifikiri kwanza juu ya sheria. Nilikuwa nimekwisha kupokea Komunyo asubuhi, na nje ya Misa mtu hapokei mara ya pili isipokuwa akiwa katika hatari ya kufa. Nikajiuliza kama hii ni hatari ya kufa. Nikaangalia mdomo wa bunduki, nikaona swali limejibiwa. Kisha nikafikiri juu ya dada yangu, kijiko cha maji, na lile neno la binti yake: mangaribi sijui. Nikiila yote, nitapita na kufika mikono mitupu. Kurudi parokiani na kupanda tena mpaka hapa kungenichukua siku nzima. Nikikataa, wataichukua wao, na sikuweza kufikiri mbele ya hapo.

Na hasira ilikuwa imenijaa. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Sijawahi kupokea nikiwa nimemchukia mtu, na pale nilimchukia yule mwenye hindi.

"Shefu," nikasema, "nitakula nusu. Tunavunja, ni ruhusa. Nusu ingine ni ya dada yangu."

"Ehe!" akasema mwenye kovu. "Nusu ya kuonyesha, na nusu iko na dawa."

"Yote," shefu akasema.

Hapo mama mmoja aliyekuwa amekaa juu ya kiroba cha makabeji, ng'ambo ya kamba, akasimama. Alikuwa mwanamke mnene, shali imefungwa kiunoni, na kwa sura alikuwa amechoka kungoja.

"Weye shefu, Hostia haina upande wa dawa na upande wa mukate. Ni moja."

"Mama, kaa."

"Sikai! Nimekaa tangu saa mbili, makabeji yangu inanyauka. Sikiliza. Miye naijua hii kitu. Mwaka ya munane sasa siwezi kuikula, juu bwana yangu amekataa kunipeleka kanisa tufunge ndoa. Mwaka munane! Kila siku ya Mungu batu banapanga mustari, miye nabaki mu benchi na batoto. Nalia kwa ajili yake. Na huyu muzee anayo mu mukono, na weye unamulazimisha kwa bunduki! Kama ni kulazimisha, kuja ulazimishe bwana yangu."

Mtu wa chukudu akaangua kicheko. Mwingine akamfuata, halafu kicheko kikapita kamba. Mmoja wa wale watatu akageuka kuficha uso.

"Anakaa wapi huyo bwana yako?" shefu akauliza.

"Kibumba. Nyumba iko na mabati ya buluu. Ukienda, chukua na padri."

Shefu mwenyewe akacheka sasa, akajipangusa ndevu, na ile punje ikaanguka. Akaniangalia tena, kwa muda mrefu.

"Nusu," akasema. "Hapa mbele yangu."

Niliomba dakika moja. Nikainamisha kichwa nikaungama kimoyomoyo, nikamtaja yule mtu mbele ya Mungu, si kwa jina kwa kuwa silijui, bali kama mwenye mahindi, nikaomba chuki iniondoke. Haikuondoka yote. Ilipungua, nami nikachukua hiyo iliyopungua kuwa neema. Nikasali kwa sauti sala ile ya kujikiri kwamba sisi hatustahili, na ng'ambo ya kamba yule mama na wengine wakaisali nami mpaka mwisho. Nikaivunja Hostia. Ilitoa mlio mdogo ambao kanisani siusikii. Nikala nusu yangu, nikakifunga kikopo.

Tukangoja. Walitaka kuona kama nitaanguka, au nitageuka kitu gani, sijui. Nilibaki nimepiga magoti, na mawe yalinikata.

"Pita," shefu akasema mwishowe. Nilipoinua baiskeli akaishika usukani, akanong'ona, si kwa ukali: "Muzee, siku ingine sema. Mutu akinyamaza, na sisi tunaogopa."

Kamba ikashushwa. Nilipopita karibu na yule mama nilisimama. Nilikuwa bado na kikopo shingoni, nikafungua mdomo.

"Aksanti, mama. Mungu akubariki. Nitakuombea weye na bwana yako."

"Ombea yeye," akasema. "Miye niko tayari tangu zamani."

Saa nzima ilikuwa imepotea. Kibumba niliipita mvua ikianza, na baada ya Kibumba barabara inaacha kupanda na kuanza kushuka kuelekea Rugari, kona baada ya kona, msitu na mikaratusi ikidondosha maji. Mtu asiyeijua njia anashangilia anapofika pale. Mimi ninaiogopa kuliko kupanda. Rimu za magurudumu zikilowa, breki zinakamata hewa. Unabana, unabana, na baiskeli inaendelea kana kwamba hukusema kitu. Dawa yake ni kubana na kuachia, kubana na kuachia, tangu mbali kabla ya kona, ili mpira upanguse maji. Kwa umri wangu ningeshuka nikaisukuma. Lakini saa ilikuwa imekwisha kupita nane, na nilikuwa naona kijiko kile mbele ya macho yangu.

Katika kona ya tatu au ya nne palikuwa na chukudu imepinduka, makaa yametapakaa barabarani, na mwenyewe ameinama anayakusanya. Nilimwona nikiwa nimechelewa. Nikapiga kelele "Pisha!", nikabana breki zote mbili, na gurudumu la nyuma likateleza upande. Niliamua kuanguka kwenye ukingo wa udongo kabla makaa hayajaniamulia. Niliangukia bega na goti, mikono yote miwili nikiwa nimeikumbatisha kifuani.

"Papa! Umeumia?"

"Goti tu. Baba, unaweza kuninyoshea usukani? Nina haraka, nampelekea dada yangu Komunyo."

Yule mwanaume akavua kofia yake iliyolowa. Akalibana gurudumu la mbele kati ya magoti yake, akaunyosha usukani kwa mvuto mmoja, akanishika mkono nikapanda. Sikumwambia kitu kingine. Nilishuka sehemu iliyobaki mguu mmoja ukiwa nje, kama wanavyoshuka wao.

Nyumba ya dada iko juu ya barabara, katikati ya migomba na maharagwe. Binti yake alikuwa mlangoni, na sikuweza kuusoma uso wake.

"Yupo?"

"Yupo. Lakini tangu saa saba maji inarudi, mujomba. Inatoka pembeni ya mudomo."

Niliingia na matope yangu. Dada alikuwa amelala kwa ubavu, mdogo sana kitandani, macho yamefumba. Nilimwita. Hakujibu, lakini mkono wake wa kuume ulianza kupanda kuelekea paji la uso, ukafika shingoni, ukachoka. Niliumalizia mimi: paji la uso, kifuani, begani, bega la pili.

Katika ile nusu nilivunja kipande kisichozidi punje ya mchele. Nikakiweka kwenye kijiko na maji kidogo, nikakipeleka kwenye ulimi. Binti yake alishika kitambaa chini ya kidevu, nami nikashika kitambaa kingine, na wote wawili tukawa tunaangalia koo lile. Halikutikisika. Tone la maji likatokea pembeni ya mdomo. Nilihisi moyo wangu unashuka mlima peke yake, bila breki. Sikuwa na sala yoyote. Nilisema tu, "Dada, meza," kama yeye alivyokuwa akiniambia mimi nikiwa na homa.

Koo likapanda, likashuka.

Binti yake akaweka kitambaa usoni. Mimi nilikaa chini sakafuni, kwa sababu goti lilikataa mambo mengine.

Baada ya kitambo dada alifumbua macho.

"Umechelewa," akasema. Sauti ilikuwa kama karatasi.

Nikamweleza. Nilidhani halitampendeza jambo la mimi kusema njiani, maana naye alilelewa na desturi ile ile. Nilimweleza kamba, na dawa, na yule mama wa makabeji, na nusu niliyoila mbele ya bunduki. Alisikiliza macho yakiwa juu ya dari.

"Basi umekula nusu yangu," akasema.

"Ilikuwa bunduki, dada."

"Ndiyo. Na zamani pia ulikuwaka na sababu."

Binti yake ndiye aliyecheka kwanza. Dada hakuwa na nguvu za kucheka, lakini midomo yake ilijikunja kwa upande mmoja, na niliuona uso wa msichana aliyenibeba mgongoni.

Nililala pale. Asubuhi nilimpa kipande kilichosalia, akameza bila maji. Alikaa nasi siku mbili zaidi, na ya tatu akaenda, akiwa na alichokiomba. Namshukuru Mungu kwa ajili ya hilo kila siku.